Mechi isiyo na filimbi ya mwisho

GOZIBA. KWA shabiki wa soka hakuna dakika ndefu kama zile za nyongeza. Timu yako inaongoza bao moja, mwamuzi wa akiba ameinua kibao, zimebaki sita, na wewe umeshika kichwa huku jirani yako amefumba macho kabisa. Lakini ziwe ndefu vipi, filimbi italia. Utashangilia ama utanuna, kisha utarudi nyumbani ukale ulale.

Kuna familia ambazo hiyo filimbi hazijaisikia. Wamesubiri mwezi, mwaka, wengine zaidi ya robo karne. Aliyetoka hajarudi, na hakuna aliyeweza kuwaambia kwa uhakika kwamba mechi imekwisha.

Visiwani wanaijua hadithi hii kuliko watu wa bara. Goziba ni kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Victoria, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Huko ukizungumzia maji huzungumzii mandhari ya kupigia picha. Maji ndiyo barabara, ndiyo shamba na ndiyo soko. Kwa bahati mbaya, mara nyingine maji ndiyo kaburi, tena kaburi lisilo na alama.

IKO HIVI

Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haufui dafu, hivyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hulala, na vijana hucheza mpira. Giza likirudi, mitumbwi inaingia majini jioni ikiwa na watu wanne au watano, taa na nyavu. Taa zinawashwa mbali na nchi kavu, dagaa wanaufuata mwanga, wavuvi wanavuta nyavu. Alfajiri mitumbwi inarudi mwaloni, ambako wanunuzi wanakuwa tayari wanasubiri.

Tatizo ni kwamba saa za kazi za mvuvi wa dagaa ndizo pia saa za kazi za dhoruba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo kutoka pande zote za pwani unakutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajaa, na kati ya usiku wa manane na asubuhi radi na upepo vinaanza. Ziwa lenyewe lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Katika eneo kubwa kiasi hicho, mtumbwi wa mbao ni kama kiti kimoja katika uwanja mtupu.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema hadi watu 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, ukijumlisha Tanzania, Uganda na Kenya. Neno la kuangalia hapo ni “makadirio”. Kwenye ligi hakuna anayekadiria mabao. Yanahesabiwa, yanaandikwa, na aliyefunga anatajwa jina na dakika. Ziwani watu wanakadiriwa kwa sababu wengi huondoka bila jina lao kuandikwa popote.

Asubuhi ambayo mtumbwi haujarudi huanza kwa utulivu. Kwanza watu wanasema labda wamekwenda kuuza mwalo mwingine. Mchana wanasema labda mashine imekufa na wamesukumwa na upepo hadi kisiwa cha jirani. Simu zinapigwa, haziiti. Mwenye mtumbwi anatafuta mafuta, wenzake wanatoka na mitumbwi yao kusaka. Siku ya tatu linapatikana dumu, au ubao, au sehemu ya wavu. Bara, kijijini, mama anapigiwa simu na mtu ambaye hajui aanzie wapi.

Kuanzia hapo familia inaishi katika lugha mbili. Mmoja anasema “alikuwa”, mwingine anamkatiza: “Usiseme alikuwa. Sema yuko.”

SALA NA YULE ALIYEKUWA PEMBENI YAKE

Wapenda soka duniani waliyaonja maisha hayo Januari 2019. Emiliano Sala, mshambuliaji wa Argentina, alikuwa amesajiliwa na Cardiff City kutoka Nantes kwa ada iliyovunja rekodi ya klabu hiyo ya Wales. Usiku wa Januari 21 alipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Nantes kwenda Cardiff. Ndege ikapotea kwenye rada juu ya bahari, karibu na visiwa vilivyo kati ya Ufaransa na Uingereza.

Siku tatu baadaye utafutaji rasmi ukasimamishwa. Mamlaka zilisema nafasi ya kumpata mtu akiwa hai ni ndogo mno. Kwa mtaalamu wa uokoaji, ile ilikuwa hesabu. Kwa dada yake, Romina, ilikuwa ni kama mwamuzi kumaliza mpira dakika ya 60. Alisimama mbele ya kamera akilia, akiomba watu wasiache kutafuta.

Watu wa mpira wakaitikia. Zaidi ya euro 300,000 zilichangwa, wachezaji wakubwa wakiwemo, na mtaalamu wa kutafuta mabaki ya meli, David Mearns, akapewa kazi. Februari 3 mabaki ya ndege yalionekana chini ya bahari, kwenye kina cha mita zisizozidi 70. Februari 7 ikathibitishwa kwamba mwili uliopatikana ndani yake ni wa Sala. Februari 16 akaagwa Progreso, mji mdogo alikokulia, kwenye klabu ya San Martín ambayo alianza kuichezea akiwa mtoto.

Hakuna aliyemrudisha Sala akiwa hai. Fedha zile zilinunua kitu kingine kabisa: siku ya kuaga. Zilimpa mama yake nafasi ya kumuaga. Baba yake, Horacio, naye akafariki Aprili mwaka huohuo kwa mshtuko wa moyo.

Lakini ndege ile ilikuwa na watu wawili. Rubani, David Ibbotson, hakukutwa kwenye mabaki. Familia yake nayo ikafungua mchango, Kylian Mbappé na Gary Lineker wakiwa miongoni mwa waliotoa, ila mwili wake haujapatikana mpaka leo. Ni ndege moja na usiku mmoja, lakini familia moja iliaga na nyingine bado iko dakika za nyongeza. Mtu wa Goziba akisimuliwa habari ya Sala, huenda swali lake la kwanza likawa: “Na yule mwingine je?”

MATUMAINI YANAVYOUMA

Februari 5, 2023, Christian Atsu wa Ghana aliifungia Hatayspor bao la ushindi dhidi ya Kasımpaşa katika dakika za nyongeza. Wenzake wakamrukia. Saa chache baadaye, alfajiri ya Februari 6, tetemeko la ardhi likaipiga Uturuki na Syria, na jengo alilokuwa akiishi katika mji wa Antakya likaporomoka.

Siku iliyofuata ikatoka habari kwamba ameokolewa akiwa hai na yuko hospitali. Mashabiki wa Newcastle, Chelsea na Ghana yote wakashukuru Mungu. Kumbe haikuwa kweli. Habari ikakanushwa, na mwenzi wake na watoto wao wakarudi pale walipokuwa, safari hii wakiwa wamechubuka zaidi. Mwili wake ulipatikana Februari 18.

Kila familia ya aliyepotea ina habari yake ya namna hiyo. Kuna anayesema amemwona sokoni upande wa Uganda. Kuna aliyesikia yupo kisiwa fulani, amepoteza kumbukumbu, anaparua samaki. Kuna mganga anayesema yuko hai ila amefungwa, na anataja bei ya kumfungua. Nauli inakopwa, mbuzi anauzwa, watu wanasafiri, wanarudi mikono mitupu.

Kibaya zaidi ni kwamba huwezi kuwaambia waache, kwa sababu mara chache muujiza hutokea. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye, wakati watu wanahesabu maiti tu, wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai, alikuwa amebaki mahali palipokuwa na hewa. Nani basi aiambie familia nyingine kwamba siku mbili zinatosha?

NYAMAGANA, MEI 1996

Viwanja vya soka vya Kanda ya Ziwa vina kumbukumbu zisizoandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Jioni ya Mei 20, 1996, MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikashika njia ya Mwanza. Ilikuwa meli ya watu kama 430. Asubuhi ya Mei 21, ikiwa imekaribia kufika, ikapinduka. Kwa muda tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waliofika kuokoa waliwasikia watu wakigonga kutoka ndani. Bati likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama.

Miili iliyoopolewa ilipelekwa Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Wapenda soka wa mji ule walizoea kwenda pale kuwatazama Pamba na Toto African. Sasa waliingia kwenye geti lilelile wakiwa wameziba pua kwa vitambaa, wakipita kati ya mistari ya miili, wakitafuta shati wanalolijua. Uwanja ambao watu huenda kumtazama mtu anayejulikana jina na namba mgongoni uligeuka mahali pa kumtafuta mtu kwa kovu la mguuni.

Wengi hawakupata. Baadhi ya miili ilikuwa haitambuliki tena na ikazikwa kwa pamoja Igoma. Mingine haikutoka majini. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, lakini mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa tarakimu tofauti, kutoka mia kadhaa hadi karibu 1,000. Sababu yake ni moja na ni ya kawaida mno. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Tafakari kidogo maana ya jambo hilo kwa mama wa Muleba. Mwanawe alisema anakwenda Mwanza wiki ile. Hakusema siku. Je, alipanda MV Bukoba, au alipanda basi? Au alikwenda kwanza visiwani kutafuta hela? Hakuna karatasi ya kumjibu. Meli ilipozama ilizama na abiria wake, na jibu la mama huyo likazama pamoja nao.

KAITABA, NOVEMBA 2022

Miaka 26 baadaye msiba ukarudi Bukoba. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua uwanja wa ndege wa Bukoba. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wakiwa na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma, na baadaye akaajiriwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ndani walikuwemo watu 43. Waliokoka 24, wakafa 19. Kesho yake majeneza yakapangwa Kaitaba, nyumbani kwa Kagera Sugar, juu ya nyasi bandia, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza maelfu ya wananchi kuaga.

Ulikuwa msiba mzito na hakuna anayeupunguza. Lakini angalia tofauti. Kaitaba kila jeneza lilikuwa na jina. Siku ileile ya ajali ilijulikana nani alikuwa ndani, nani yuko hospitali na nani hayupo tena. Familia zililia, zikabeba watu wao, zikazika. Maji ni yaleyale ya 1996. Kilichokuwa kimebadilika ni karatasi: ndege ilikuwa na orodha ya abiria.

Mpira unajua thamani ya kuwa na mahali pa kulilia. Zambia ilipoteza wachezaji 18 katika ajali ya ndege baharini Gabon, Aprili 27, 1993. Mashujaa wale wamepumzishwa kando ya Uwanja wa Independence, Lusaka, na kizazi hata kizazi cha Chipolopolo kinapita pale kuwasalimu. Zambia ilipofika fainali ya AFCON 2012 mjini Libreville, wachezaji walikwenda kwanza ufukweni kuweka maua, kisha Februari 12 wakaifunga Ivory Coast kwa penalti 8-7 baada ya suluhu ya 0-0. Watu husema ile ilikuwa hadithi ya kombe. Ilikuwa pia hadithi ya timu iliyojua wafu wake wako wapi.

KIBANJA KISICHO NA KABURI

Kwa Wahaya mtu huzikwa kwenye kibanja, katikati ya migomba ya ukoo wake. Kaburi ni sehemu ya nyumba. Watoto wanacheza jirani yake, na ukitaka kuuza kibanja, wazee watakuuliza unawauza na akina babu? Sasa aliyepotelea ziwani anaacha nafasi tupu pale alipopaswa kulala. Hakuna anayelima hapo, na hakuna anayethubutu kuchimba.

Ng’ambo nyingine ya ziwa, Wajaluo wana njia yao. Mwili usipopatikana kabisa, huzika tunda la yago, lile refu kama mwanasesere wa kijani ambalo kwa Kiswahili tunaliita mvungunya. Linalazwa kaburini kama mtu, watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Anayecheka hajawahi kusubiri. Wazee wale walielewa kwamba waliobaki hai wanahitaji filimbi, hata ya kuazima.

Serikali nayo ina filimbi yake, ila inachelewa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke akikaa miaka mitano bila kusikika kwa watu ambao kwa kawaida wangepata habari zake, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka mitano! Ndani yake mtoto aliyeachwa chekechea anafika darasa la tano. Mke si mjane na si mke. Akivaa nguo nyeusi, wakwe wanasema anamwombea mwanao kifo. Akivaa kitenge cha maua, wanasema amefurahi. Hela za mumewe, kama zipo benki, hazigusiki. Mtumbwi, kama ulikuwa wake, una shemeji tayari.

Na kila timu ya mumewe inapocheza, jezi yake inabaki imening’inia ukutani. Kuifua ni kuondoa harufu yake. Kumpa mtu ni kusema hatarudi.

KARATASI YA MWALIMU WA TIMU

Kuhusu hali ya hewa hatua zimepigwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na siku hizi tahadhari inaweza kumfikia mvuvi kwenye simu au redio kabla hajaingia majini. Jaketi la kujiokolea linajulikana, ingawa wapo wanaoliona mzigo, au wanalitumia kama mto wa kulalia. Haya yote yanapunguza vifo.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo ni rahisi kuliko yote, na watu wa mpira wanalielewa vizuri. Hakuna mechi ya ligi inayoanza bila orodha. Wachezaji 11, wa akiba, makocha, wote wanaandikwa, karatasi inakwenda kwa waamuzi, nakala inabaki. Mchezaji akitoka, muda unaandikwa. Akiingia mwingine, naye anaandikwa. Hata mechi ya mchangani yenye zawadi ya mbuzi ina daftari, maana bila daftari watu watagombana kuhusu mamluki.

Mtumbwi unaotoka mwaloni ukiwa na watu watano unaweza kuwa na daftari hilo. Jina, kwao ni wapi, namba ya simu ya ndugu, saa ya kutoka, upande wanaokwenda. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vipo kwenye mialo, kalamu haizidi bei ya dagaa wa sahani moja. Daftari halizuii dhoruba. Linachofanya ni kwamba saa nne asubuhi mtu anaweza kusema mtumbwi fulani haujarudi, walikuwa fulani na fulani, walielekea huku, hivyo utafutaji unaanza saa hiyohiyo badala ya kesho kutwa. Na ikishindikana kabisa, mama kule bara anapigiwa simu na mtu mwenye jibu.

Vijana wengi wanaokwenda visiwani huishi kwa jina la utani. Tajiri wa mtumbwi anamjua mtu kama Drogba, Ronaldinho au Messi, na siku Messi asiporudi hakuna anayejua aliitwa nani kwao. Kuna wazazi wanaosubiri kijana ambaye wenzake walishamlilia kwa jina jingine.

Mbalamwezi itakapojaa, mitumbwi itavutwa mchangani na vijana wa kambi hii watapambana na wa kambi ile. Kabla ya mpira kuanza, mwalimu wa timu atasimama na kikaratasi chake akaita majina kumi na moja. Kila mmoja ataitika. Kama kuna asiyeitika, mpira hautaanza kwanza. Watu watageuka, wataangaliana, na mtu atauliza kwa sauti, “Yuko wapi huyu?”

Giza likirudi, vijana walewale watashuka majini. Ni vizuri wakaitwa majina tena.